Maabara ya Kioo

Anko alikuwa na kibanda cha kuuza muvi karibu na steji yetu, kabla intaneti ya bei rahisi haijaja kuiua biashara hiyo. Kibanda kilikuwa kidogo hivi kwamba wateja watatu wakiingia, wa nne anangoja nje. Ukutani ilikuwa mifuko ya nailoni ya diski, kila diski imeandikwa jina kwa maka. Moja shilingi 50, tatu kwa 100. Kwenye kaunta alikuwa na televisheni ndogo, ya kumwonyesha mteja kwamba diski haikwami.

Mwaka 2010 nilikuwa darasa la sita. Nikitoka shule nilipitia hapo kumngoja mama atoke kazini, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kukaa juu ya kreti ya soda, kutazama, na kumwambia Anko picha ikianza kukwama. Hivyo ndivyo nilivyoitazama CSI, bila mpangilio wowote, msimu wa tano kabla ya wa pili. Anko hakuwahi kuiita CSI. Aliiita "ile ya mzee wa wadudu."

"Mzee wa wadudu amepata nini leo?" ananiuliza akirudi kutoka kununua chai.

"Funza."

"Funza wamesema?"

"Wamesema marehemu alikufa siku ya Jumatano."

Anacheka hadi anashika mlango.

Kusema ukweli, maiti hazikunishangaza. Habari za saa moja zilikuwa na maiti za kutosha. Kilichonishika ni chumba. Usiku umeingia, jengo zima ni kuta za kioo, taa za buluu zinatoka pembeni, na mtu mmoja amesimama peke yake akitazama unyuzi mmoja chini ya hadubini, kama vile dunia nzima imekubali kumngoja amalize. Shule yetu haikuwa na maabara. Hadubini tuliisoma kwa mchoro wa ubaoni. Nikajiambia ukweli unaishi kwenye chumba kama kile, na mtu akifika huko ataukuta umekaa.

Ilinichukua karibu miaka kumi kujua kwamba nilikuwa nakodolea macho chumba ambacho sicho.

Dereva wa tramu

CSI: Crime Scene Investigation ilionyeshwa mara ya kwanza nchini Marekani tarehe 6 Oktoba 2000, kwenye kituo cha CBS. Aliyeibuni, Anthony Zuiker, hakuwa mtu mkubwa wa televisheni. Alikuwa amewahi kuendesha tramu ya kubeba wageni kati ya hoteli mbili za kamari mjini Las Vegas. Wazo lilimjia alipotazama makala ya kweli kuhusu wapelelezi wa kisayansi. Akaenda kuzunguka na wachunguzi halisi wa polisi wa Las Vegas wakiwa kazini, kisha akaandika. Jerry Bruckheimer, ambaye alikuwa anajulikana kwa sinema za milipuko na magari, akaichukua. Mwongozaji Danny Cannon, Mwingereza, akaipa sura tunayoijua.

Televisheni ilikuwa imemjua daktari wa maiti kabla ya hapo. Quincy, M.E. ilienda hewani kuanzia 1976 hadi 1983, na shujaa wake alikuwa mpasuaji maiti wa Los Angeles. Lakini katika tamthilia nyingi za polisi, maabara ilikuwa simu tu. Mpelelezi anapigiwa, anaambiwa damu ni ya fulani, anavaa koti na kutoka mbio. CSI iligeuza meza. Mpelelezi wa kawaida, Kapteni Jim Brass, akawa mtu wa kando. Maabara ikawa nyumbani, na wanaoishi humo wakawa familia.

Familia yenyewe ilipangwa kwa akili. Gil Grissom, aliyechezwa na William Petersen, ni mtaalamu wa wadudu, mtu mpole anayewaelewa mende kuliko anavyowaelewa wenzake. Mama yake ni kiziwi, na yeye mwenyewe katika misimu ya mwanzo anaanza kupoteza uwezo wa kusikia. Catherine Willows, wa Marg Helgenberger, aliwahi kuwa mnenguaji wa klabu za usiku kabla ya kuwa mchunguzi, kwa hivyo analijua jiji kutoka chini. Warrick Brown ana ugonjwa wa kamari katika mji ambao kamari ndiyo hewa. Nick Stokes ni kijana wa Texas anayetaka kupendwa na bosi. Sara Sidle amesomea fizikia Harvard na hajui kuacha kazi ofisini. Greg Sanders ni kijana wa DNA anayepiga muziki kwa sauti na ndoto yake ni kutoka maabara aende uwanjani. Daktari wa maiti, Al Robbins, anatembea kwa mkongojo na miguu ya bandia. Hilo halikutungwa: mwigizaji Robert David Hall alipoteza miguu yote miwili baada ya ajali ya barabarani mwaka 1978.

Na katika kipindi cha kwanza kabisa kuna msichana mgeni kazini, Holly Gribbs. Tunaingia maabara naye, macho yake ndiyo yetu. Anapigwa risasi siku hiyo hiyo ya kwanza. Yaani tunaambiwa mapema kwamba nje ya vioo kuna hatari, na ndani ndiko salama.

Nyuma ya wahusika hao walikuwako watu wa kweli. Elizabeth Devine alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika maabara ya jinai ya Los Angeles kabla ya kuletwa kama mshauri, kisha akawa mwandishi na mtayarishaji wa kipindi. Catherine alichotwa kutoka kwa mchunguzi halisi wa Las Vegas, Yolanda McClary. Kwa hivyo si kwamba watengenezaji hawakujua ukweli. Waliujua vizuri, na wakaujengea nyumba nyingine.

Kwani hawana swichi?

Kwanza, nyumba hiyo haikuwa Las Vegas. Timu ilikwenda Vegas mara moja moja kupiga picha za nje, lakini maabara ilijengwa California, kwanza Santa Clarita, kaskazini mwa Los Angeles, na baadaye katika studio za Universal. Mashine nyingi zilizokuwa mezani zilikuwa za kweli. Kuta ndizo zilizokuwa za kubuni.

Maabara halisi ya polisi huwa na mlango unaofungwa, taa nyeupe za kuchosha macho, na rafu za mafaili. Ile ya CSI ni kioo juu ya kioo. Kamera ikisimama chumba kimoja inaona vyumba vitatu. Greg anachanganya kemikali mbele, Warrick anapita na bahasha ukumbini, na mbali kabisa Grissom ameinamia kitu. Hakuna anayefanya kazi peke yake hata akiwa peke yake. Na mtazamaji bila kuambiwa neno anaelewa kwamba hapa hakuna kinachofichwa. Kituo cha polisi tunachokijua sisi kina kaunta ndefu ya mbao na mlango wa nyuma ambao hujui unaelekea wapi. Huyu mtu wa televisheni amekaa ndani ya glasi!

Halafu kuna giza. Wachunguzi wanaingia nyumbani kwa marehemu na tochi, hata kama umeme upo. Anko lilimkera sana hili.

"Kwani hawana swichi?"

Hawakuihitaji. Tochi humwambia mtazamaji aangalie wapi. Ukiwasha taa ya chumba, kila kitu kinaonekana sawa: kiti, pazia, kiatu, damu. Ukitumia tochi, kinaonekana kitu kimoja tu, na kitu hicho ndicho jibu. Kamera nayo ikajifunza kuingia ndani ya mwili, ikifuata risasi kupitia nyama hadi mfupani. Kila mji ukapewa rangi yake: Vegas buluu na kijani ya neoni, Miami iliyoanza 2002 rangi ya machungwa, New York ya 2004 kijivu na buluu baridi. Ofisi ya Grissom ikajaa chupa, vipepeo waliobanwa kwa pini, buibui mkubwa aliye hai, na nguruwe mchanga aliyehifadhiwa ndani ya chupa. Ukiingia hapo humuulizi ni mtu wa aina gani.

Lakini uamuzi mkubwa zaidi ulikuwa wa kazi zenyewe. Kwenye CSI, anayeokota unyuzi ndiye anayeupima, ndiye anayemhoji mshukiwa, na ndiye anayemtazama machoni akikiri. Katika maisha ya kawaida hao ni watu watatu au wanne, wengine hawajawahi kuonana, na anayepima huenda asijue kesi iliishaje. Muda nao ukakunjwa. Vipimo vinavyochukua wiki nyingi vinaisha kati ya matangazo mawili.

Msimu wa 2002 hadi 2003, hiki ndicho kilikuwa kipindi kilichotazamwa zaidi Marekani. Mei 2005, Quentin Tarantino aliongoza mwisho wa msimu wa tano, ambapo Nick anazikwa akiwa hai. Jeneza lake lilikuwa la plastiki angavu kama kioo, lenye taa ndani, ili tumwone. Nakumbuka Anko alizima televisheni katikati akasema nitaota vibaya. Kesho yake alikuwa ameimaliza mwenyewe.

Mashine moja

Nilipomaliza sekondari nilichagua kemia. Mama alitaka ualimu. Nilimwambia nataka kufanya kazi ya mzee wa wadudu, na Anko, aliyekuwa amekaa hapo, akasema, "Mwache. Huyu ameitazama sana kuliko mimi niliyeiuza." Alinipa shilingi 3,000 za kuanzia chuo. Najua leo kwamba wakati huo kibanda kilikuwa karibu kufa.

Chuo chenyewe sitakitaja, hakina kosa kubwa kuliko vingine. Maabara ilikuwa na kuta za saruji zilizopakwa krimu, na madirisha yenye wavu. Mashine ya kutenganisha kemikali, ile ambayo kwenye CSI inatoa jibu kabla hujamaliza kusema jina lake, ilikuwa moja. Tuliiona mara mbili. Mara ya kwanza tulionyeshwa ikiwa imezimwa. Mara ya pili iliwashwa, tukiwa wanafunzi wengi tumeizunguka, na mhadhiri akatuambia tunakili matokeo ya mwaka uliopita kwa sababu gesi yake ilikuwa imeisha.

Ningependa kusema niliacha chuo kwa sababu ya karo peke yake. Karo ilikuwa kweli, deni lilikuwa kweli. Lakini pia nilikuwa nimechoka kungoja taa za buluu ziwake. Mwanzoni mwa 2019, mwaka wa pili, nilibeba begi nikarudi nyumbani, nikaanza kuandika makala za watu kwenye mtandao, senti kwa neno.

Vikombe viwili

Septemba mwaka huo huo jirani wa Anko alimpigia mama simu. Ilikuwa Jumatatu asubuhi.

Wakati huo Anko alikuwa anatengeneza simu na kuwawekea watu nyimbo kwenye flashi. Aliishi chumba kimoja kwenye ploti, ghorofa ya kwanza. Tulipofika, askari wawili walikuwa wamefika. Anko alikuwa sakafuni kati ya kitanda na meza, amevaa shati, mguu mmoja una kiatu.

Askari mmoja alimuuliza mama kama ndugu yake alikuwa na presha. Mama akasema kidogo. Akamuuliza kama alikuwa anakunywa. Mama akasema mara moja moja. Askari akaandika. Hakukuwa na kamera, hakukuwa na glavu. Walimfunga kwenye blanketi lake mwenyewe, wakambeba hadi kwenye gari. Shughuli nzima sidhani ilifika nusu saa.

Mimi nilisimama mlangoni. Nilijua kutokana na kreti ya soda kwamba usiguse kitu. Nikaangalia. Mezani kulikuwa na vikombe viwili, vyote vimetumika, kimoja kina chai iliyofanya utando. Dirisha lilikuwa wazi, na Anko alikuwa mtu wa kulifunga saa kumi na mbili jioni kwa sababu ya mbu. Chaja ilikuwa kwenye soketi, simu haikuwepo. Redio ilikuwa inacheza chini chini.

Nikamwambia yule askari, "Afande, kuna vikombe viwili."

Alinitazama bila ubaya. "Watu hukunywa chai, msichana."

Kufikia saa nane mwenye ploti alikuwa ametuma kijana afagie. Mama jirani, kwa huruma ya kweli, aliviosha vile vikombe akapika chai, akatuletea. Nilikunywa kwa kimoja. Nilikumbuka nilipokuwa nimefika nusu.

Familia ilikaa ikaamua Anko asipasuliwe. Pesa zilizokuwepo zilikuwa za mazishi. Cheti kikaandikwa moyo. Pengine ulikuwa moyo. Pengine kikombe cha pili kilikuwa cha jana yake, na simu ilichukuliwa na mtu aliyepita akaona mlango wazi. Siandiki haya kumshtaki mtu. Naandika kwa sababu siku ile, kwa mara ya kwanza, nilielewa kwamba hata tungekuwa na maabara ya Grissom pale chini ya ploti, na kila kioo chake, isingetusaidia. Hakukuwa na kitu cha kuipelekea. Chumba kilikuwa kimefagiliwa.

Bibi na wanasesere

Mwaka uliofuata, wakati wa korona, niliitazama CSI tena kwenye simu, usiku, sauti chini. Msimu wa saba, wa 2006 hadi 2007, una muuaji anayeacha kitu cha ajabu kila anapoua: mfano mdogo wa chumba chenyewe, kamili, na marehemu mdogo ndani yake. Kila pazia, kila doa. Msimu unaisha na mfano wa gari jekundu jangwani, na Sara Sidle amelazwa chini yake. Nikatafuta nani alikuwa amebuni wazo hilo. Nikampata mwanamke aliyekufa 1962.

Frances Glessner Lee alizaliwa Chicago mwaka 1878, katika familia iliyotajirika kwa mashine za kilimo. Kaka yake alisoma Harvard. Yeye hakwenda chuo chochote. Familia haikuona haja, na Harvard yenyewe haikuwa inapokea wanawake. Kupitia kaka yake alimfahamu George Burgess Magrath, daktari wa Boston aliyechunguza vifo vya ghafla, ambaye alimsimulia kazi yake na makosa aliyoyaona: askari wanaokanyaga damu, wanaosogeza maiti, wanaoamua kabla ya kuangalia. Lee alikaa na hadithi hizo miaka mingi. Alipopata uhuru na pesa zake, mwaka 1931 alisaidia kuanzisha Harvard idara ya tiba ya kisheria. Mwaka 1943 polisi wa jimbo la New Hampshire walimpa cheo cha kapteni, akiwa na umri wa miaka 65.

Miaka hiyo hiyo ya 40 akaanza kujenga nyumba za wanasesere. Aliziita Nutshell Studies of Unexplained Death, yaani vifo visivyoelezeka vilivyowekwa ndani ya ganda la kokwa. Inchi moja kwenye mfano ni futi moja ya chumba halisi. Fundi wake wa mbao, Ralph Mosher, alijenga kuta na milango inayofunguka, na yeye mwenyewe alishona nguo na kufuma soksi za maiti kwa pini. Alijenga 20, na 18 kati yake ziko Baltimore, katika ofisi ya mchunguzi mkuu wa vifo wa Maryland. Bado zinafundishia. Majibu yake yamefichwa hadi leo.

Kilichonisimamisha ni nani aliwaweka ndani. Bibi tajiri angeweza kujenga kasri na milionea aliyepewa sumu. Alijenga ghala la mkulima, dari ya mwanamke mzee anayeishi peke yake, chumba cha kupanga cha msichana anayeuza mwili, bafu la nyumba ya wageni wa bei ya chini. Katika mfano uitwao Kitchen, mke wa nyumbani amelala sakafuni mwaka 1944, jiko la gesi liko wazi, magazeti yamesokotwa kwenye nyufa za milango, na viazi vimemenywa nusu. Askari mwenye haraka anasema amejiua. Lakini anayejiua huanza kumenya viazi vya nini?

Kuanzia 1945 polisi waliletwa Harvard kwa semina, wakapewa dakika 90 kuangalia mifano miwili, wakiwa na kioo cha kukuzia na tochi ndogo. Njia waliyofundishwa ilikuwa ya kuanzia upande mmoja, kuzunguka chumba kama mshale wa saa, na kumalizia katikati, alipo marehemu. Si kumkimbilia yeye kwanza. Na jibu halikuwa lazima lipatikane. Lee alitaka wajifunze kuona, na wajue walichokiona kinaweza kuwa bure.

Hapo ndipo nilipoona kilichotokea kati ya 1945 na 2000. Lee alitumia mali yake kujenga chumba cha aliyekufa. CSI ilitumia mali yake kujenga chumba cha anayechunguza. Kwenye seti ya Vegas, nyumba ya marehemu hubadilika kila wiki, hupigwa tochi dakika chache, kisha tunarudi nyumbani kwenye vioo. Chumba kinachodumu, tunachokizoea, tunachokitamani, ni cha maabara. Ndicho kilichonipeleka kusomea kemia. Sikuwahi hata siku moja kutamani kujua kuchora ramani ya chumba cha mtu.

Na watengenezaji wa CSI walijua, ndiyo maana waliirudisha kazi ya bibi huyo. Ila waliiweka mikononi mwa muuaji.

Kabla ya ufagio

Grissom aliondoka kwenye kipindi Januari 2009. Mwezi uliofuata, Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa ripoti ndefu kuhusu hali ya sayansi ya jinai nchini humo. Ilisema kwamba ukiondoa uchunguzi wa DNA, hakuna mbinu nyingine iliyokuwa imethibitishwa kikamilifu kuwa inaweza, kila mara na kwa uhakika mkubwa, kuunganisha ushahidi na mtu mmoja maalum. Unywele, alama za meno, alama za viatu: vingi vya vile vilivyong'ara chini ya taa za buluu vilihitaji utafiti zaidi. Kipindi kiliendelea hadi Septemba 2015. Sisi huku tuliendelea kununua diski.

Mwaka 2022, Rais Uhuru Kenyatta alizindua maabara ya kitaifa ya uchunguzi wa jinai kwenye makao makuu ya DCI, Barabara ya Kiambu. Niliitazama kwenye habari nikiwa na mama. Mashine mpya, sakafu inang'aa, makoti meupe. Mama akasema, "Hiyo ndiyo ile yenu na Anko." Nilifurahi, sitadanganya. Nchi inahitaji maabara, na kuna kesi ambazo bila DNA hazitaenda popote. Lakini kati ya Barabara ya Kiambu na ghorofa ya kwanza ya ploti kuna mlango mmoja, na mlangoni pale anahitajika mtu mwenye kamera, chaki, na dakika 90, kabla ya kijana wa ufagio kufika. Mtu huyo hajengewi seti. Hakuna anayekata utepe kwa ajili yake.

Mwezi uliopita nilinunua karatasi ya grafu. Nilianza kuchora chumba cha Anko kwa kipimo cha bibi Lee, inchi kwa futi. Nilianza mlangoni, nikazunguka kama mshale wa saa. Ndoano ya makoti. Jiko la gesi la mtungi mdogo. Sanduku la diski ambazo hakuwahi kuzitupa. Kitanda. Dirisha, nikalichora wazi. Meza, vikombe, chaja, na redio, na kando ya redio nikaandika: inacheza.

Nikampelekea mama. Aliishika karatasi kwa muda mrefu, akavaa miwani, akavua.

"Redio haikuwa inacheza," akasema.

"Ilikuwa inacheza, mama. Nilikuwa nimesimama mlangoni."

"Ilikuwa imezimwa. Wewe ndiye uliiwasha usiku, tukikesha pale. Ulisema kimya kimezidi."

Nimejaribu kukumbuka na siwezi. Mimi niliyekuwa najisifu miaka yote kwamba sikugusa kitu. Na kama redio ni hivyo, dirisha je?

Sijafuta. Kando ya redio nimeweka alama ya kuuliza, na nyingine ndogo pale dirishani. Vikombe nimeviacha. Hivyo mama anavikumbuka pia, vyote viwili.